Radhi ya Baba: Filamu ya Hong Kong katika Kibanda cha Tandika

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu mashairi na maelezo ya mashairi, na huenda baadhi yao wakashangaa kuona leo nazungumzia filamu ya bastola. Nawaomba wanivumilie. Filamu yenyewe ni A Better Tomorrow, iliyoongozwa na John Woo na kutolewa Hong Kong mwaka 1986, wakati mji ule ungali chini ya Waingereza. Mimi sikuiona katika jumba la sinema, kama tulivyokuwa tukiona filamu za ngumi utotoni kwetu Unguja. Niliikuta Tandika, wilayani Temeke, ndani ya kibanda cha mabati chenye mabenchi manane na televisheni moja, ikiwa imekwisha kutiwa Kiswahili na mmoja wa wasimulizi wa filamu ambao Dar es Salaam imewazaa. Kwenye jarada la diski palikuwa na picha ya mtu aliyevaa koti refu na miwani ya jua, mkononi ana bastola. Waliolipa kiingilio walikuja kwa ajili ya bastola ile, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilitoka nikiwa na jambo jingine kabisa. Nilichokiona ni kisa cha nyumba moja: baba, watoto wawili wa kiume, na radhi iliyocheleweshwa. Naam, risasi ni nyingi, lakini risasi zile ni mapambo ya juu. Ukizipangusa, chini yake unakuta tamthilia ya familia ambayo mzee yeyote wa Mtoni au Mwananyamala angeitambua kabla ya kufika nusu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mmoja ana watoto wawili. Mkubwa, Ho, ni mtu wa genge linalochapa dola za bandia. Mdogo, Kit, anasomea upolisi na hajui kaka yake anapata wapi riziki. Baba yuko hospitali, mgonjwa, na yeye anajua. Anamwomba Ho aiache kazi ile, na Ho anaahidi kwamba safari ya Taiwan itakuwa ya mwisho. Huko anasalitiwa, na anajisalimisha kwa polisi ili kijana aliyefuatana naye, Shing, apate kukimbia. Genge linahofu kwamba Ho atataja majina, basi linamtuma mtu nyumbani kumchukua baba. Katika purukushani baba anachomwa kisu mbele ya macho ya Kit, na anakufa akimsihi Kit amsamehe kaka yake. Miaka 3 baadaye Ho anatoka gerezani. Rafiki yake Mark, aliyemlipizia kisasi, amelemaa mguu na anaosha magari ya Shing, ambaye sasa ndiye bwana mkubwa. Ho anapata kazi ya teksi katika kampuni inayoajiri watu waliotoka kifungoni. Anachotaka kuliko kazi ni mdogo wake amwite kaka. Kit, polisi sasa, hataki hata kumtazama usoni.

Kwa upande wa fani, mwongozaji alifanya uteuzi mmoja wa busara. Nafasi ya Ho alimpa Ti Lung, mwigizaji ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa nyota wa filamu za panga na ngumi za kampuni ya Shaw Brothers. Mtazamaji wa Hong Kong alipomwona Ti Lung amevaa sare ya dereva wa teksi, aliona mila nzima ya mashujaa wa zamani imeketi nyuma ya usukani ikisubiri abiria. Chow Yun-fat, anayeigiza Mark, alichukua umaarufu wote, na vijana wa kibandani walimshangilia yeye alipoficha bastola ndani ya vyungu vya maua kabla ya kuingia mkahawani kuua. Hata hivyo uzito wa filamu umo katika uso wa Ti Lung, ambao haushangiliwi. Leslie Cheung, aliyecheza Kit, ana kazi ngumu kuliko wote: kumchukia mtu ambaye mtazamaji amekwisha kumpenda, na bado abaki na haki yake. Kazi hiyo ameiweza.

Ama kuhusu Kiswahili cha filamu hii, hapa ndipo penye maneno. Wasomaji wa visiwani huenda hawaijui vyema sanaa hii ya usimulizi. Msimulizi mmoja, peke yake, huzungumza kwa niaba ya wahusika wote, wanaume kwa wanawake, na katikati ya mazungumzo yao hutia maelezo, mizaha, methali na lawama zake mwenyewe. Aliyepata jina kubwa katika kazi hiyo ni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kampala nako wapo wenzao. Tukumbuke kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, miaka 21 baada ya Zanzibar, na kwa muda mrefu kanda ya video ndiyo iliyokuwa televisheni ya mtu wa Temeke. Msimulizi alikuwa mtangazaji, mfasiri na mhakiki kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mji huu umeipokea familia ya Kichina kwa milango miwili. Mlango wa pili ulifunguliwa rasmi mwaka 2011, TBC ilipoonyesha tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyotengenezwa China na kutiwa sauti za Kiswahili na waigizaji, kila mhusika na sauti yake. Doudou ni muuguzi aliyeolewa na Yu Wei, kijana ambaye wazazi wake waliachana na baba akaoa tena. Bibi arusi anajikuta na wakwe wawili wa kike badala ya mmoja, wote wana haki, na wote wana kinyongo. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam tarehe 25 Machi 2013, aliitaja tamthilia hiyo kuwa imewaonyesha Watanzania furaha na taabu za nyumba za kawaida za Kichina. Alisema kweli. Mtaani kwangu akina mama waliokuwa hawana habari na China zaidi ya reli ya TAZARA na kiwanda cha Urafiki walianza kumzungumzia Doudou kama jirani.

Nami kama mfasiri niliipenda kazi ile kwa jambo dogo. Aliyeandika "mama wakwe zake" alijua Kiswahili. Mtu aliyejifunza sarufi kitabuni angeandika "wake", akadhani amesahihisha. Jamaa wa nyumba moja katika lugha yetu huchukua "zake" wanapokuwa wengi, na kwa herufi hiyo moja wale wanawake wawili wa Beijing walipokewa katika ukoo wetu.

Lakini katika tamthilia ya Doudou kosa kubwa kabisa ni neno baya lililosemwa mezani. Ugomvi huletwa na maneno, na hutatuliwa na subira. Ni picha ya kweli ya nusu ya nyumba. Nusu nyingine, ile ambayo mtoto wa kiume hakurudi usiku na mama hathubutu kuuliza yuko wapi, haimo. Nusu hiyo tuliipata kwa mlango wa kwanza, ule wa kibandani.

Sasa turudi kwa msimulizi wa Tandika. Makosa anayo. Hawezi kustahimili kimya. Mwongozaji anapowanyamazisha ndugu wawili ili tuwatazame, yeye hujaza nafasi kwa porojo. Anazisifu silaha kwa majina, na watoto wa miaka kumi waliokaa chini mbele ya benchi la kwanza wanayarudia majina hayo wakitoka. Gereza la Taiwan kaliita Keko. Watu walicheka, ila wapo ambao hawakucheka, kwa sababu Keko iko pale pale Temeke na wao walikuwa na mtu wao ndani.

Pamoja na makosa hayo, katika tukio la kifo cha baba alifanya jambo ambalo mimi, niliyetumia miaka zaidi ya thelathini kupima maneno, nisingelithubutu. Katika filamu mzee yule, akivuja damu, anasema maneno machache sana, ambayo kiini chake ni kumtaka Kit amsamehe kaka yake. Msimulizi akasema: "Mimi nimeshamwachia radhi. Na wewe usimtupe." Sentensi ya kwanza haimo katika filamu. Ameizua. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nilikuwa nimekasirika kwa niaba ya John Woo. Nilipofika nikaanza kuwa na shaka na hasira yangu.

Wachina wana neno moja, xiao, ambalo vitabu hulieleza kuwa ni utiifu na utumishi wa mtoto kwa wazazi. Wanaojua maandishi yao husema alama ya neno hilo ina sehemu ya alama ya mzee juu, na alama ya mtoto chini yake, kama kwamba mtoto amembeba mzee. Kiko kitabu kidogo cha kale, Xiaojing, mazungumzo kati ya Confucius na mwanafunzi wake, kinachoshughulika na jambo hilo peke yake. Humo mwili wa mtoto huhesabiwa kuwa ni amana aliyopewa na wazazi, na kuulinda usidhurike ndio mwanzo wa utiifu. Ukiijua habari hiyo, unaitazama filamu hii kwa jicho jingine. Kila jeraha la risasi, na mguu ule wa Mark unaoburutwa, ni amana iliyovunjwa.

Sisi neno letu ni radhi. Tofauti yake ni kwamba xiao hutoka chini kwenda juu. Ni mzigo wa mtoto. Radhi hutoka juu kwenda chini. Iko mkononi mwa mzazi, na mtoto hata atumike vipi hawezi kujipa mwenyewe. Mtoto wa Kichina aliyekosa anaweza kujiuliza: nimetimiza au sikutimiza? Mtoto wa Kiswahili aliyekosa huuliza: nimepewa au sikupewa? Msimulizi wa Tandika alihisi, bila kusoma kitabu chochote cha Confucius, kwamba watazamaji wake wasingeweza kufuatilia saa nzima iliyobaki bila kujua jibu la swali hilo la pili. Ho yuko gerezani, baba anakufa. Je, kaachiwa radhi au hakuachiwa? Filamu ya Kichina haihitaji kusema. Filamu ya Kiswahili haiwezi kuendelea bila kusema. Kwa hiyo alichokizua kilikuwa tafsiri, na tafsiri yenye elimu.

Nilijaribu kuyafasiri maneno yale ya mzee kwa njia niijuayo mimi, yaani kwa shairi. Ubeti uliotoka ni huu:

Mwanangu usimtupe, nduguyo japo kakosa,
Mkono wako umpe, asimame tena sasa,
Deni langu ulilipe, radhi haiuzwi pesa,
Moyo uwe ni mweupe, ninakwenda, nakuasa.

Vina vimekaa na mizani imetimia. Mshororo wa tatu ulinifurahisha, kwa kuwa kisa chote ni cha noti bandia na nilitaka kitu kisichoweza kuchapwa mashinani. Hata hivyo kuna kasoro, na kasoro hiyo nilionyeshwa na mtu asiyeandika mashairi, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya hapo nataka kuuliza ushairi wetu wenyewe umesema nini juu ya mtoto aliyepotoka. Sisi ni watu wa wasia. Mwana Kupona alimwachia binti yake utendi mwaka 1858. Shaaban Robert alimwandikia binti yake Hati na mwanawe wa kiume Adili. Hazina hiyo hakuna wa kutunyang'anya. Lakini angalia wakati wa wasia: husemwa kabla. Mtoto angali nyumbani, hajakosa, anaelekezwa asikose. Methali zetu nazo zimesimama mlango huo huo. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zote ni za malezi. Akishakosa, methali inayomngoja ni ile ya mchovya asali, kwamba hachovyi mara moja. Kwa anayerudi tuna "kuteleza si kuanguka", na baada ya hiyo inabidi mtu afikiri sana kuipata ya pili. Tumetunga mengi ya kumzuia mtoto asitoke. Tumetunga machache ya kumfungulia akibisha hodi.

Nayasema haya nikiwa mkaazi wa Temeke. Mwanzoni mwa Januari 2015 jina la Panya Road lilitosha kufunga maduka na kuwakimbiza watu majumbani, vitongoji vingi vya jiji, usiku mmoja. Septemba 2022 jina lile likarudi, pamoja na mapanga na vifo. Na kati ya miaka hiyo na kabla yake, mara ngapi tumeamka tukaambiwa kijana fulani ameuawa na wananchi wenye hasira, na tukaendelea na chai? Vijana hao wana baba. Baba hao wamo misikitini na makanisani, wamo katika foleni ya maji, na huulizwa hali ya watoto wengine tu. Filamu za kwetu zilizokuwa zikitengenezwa Kinondoni na Sinza kwa mamia, hasa katika enzi ya marehemu Steven Kanumba aliyefariki mwaka 2012, zimemshughulikia mtoto wa aina hii mara nyingi. Ila katika nyingi nilizoziona mimi anakufa, au anaokoka kwa sala moja dakika ya mwisho, na mtazamaji anaondolewa jukumu la kuishi naye. John Woo anamrudisha mtaani akiwa hai, na sare ya teksi, na anatuuliza tutamfanya nini.

Lipo pungufu moja kubwa katika filamu hii, na sitalificha kwa sababu ya mapenzi. Nyumba hii haina mama. Mwanamke pekee mwenye nafasi ni mchumba wa Kit, naye amepewa kazi ya kuchekesha mwanzo na kusihi mwisho. Temeke ninayoijua mimi, anayebeba chakula kwenda mahabusu ni mama. Anayeuza vitenge vyake ili kumlipa wakili ni mama. Baba hununa, mama hupanda daladala. Tamthilia ya Doudou imejaa mama na haina uhalifu; filamu ya Hong Kong imejaa uhalifu na haina mama. Nyumba zetu zina vyote viwili chini ya bati moja, na mwandishi wa kwetu atakayeziunganisha nusu hizo hatakuwa amemwiga Mchina yeyote.

Mwisho wa filamu ni huu. Mark ameuawa. Shing, amezungukwa, anajigamba kwamba kwa pesa zake atatoka haraka. Kit anampa Ho bastola, na Ho anamuua Shing. Kisha Ho anachukua pingu za mdogo wake, anajifunga mwenyewe mkono mmoja, na upande wa pili anaufunga kwenye mkono wa Kit. Wanatembea pamoja kuwaelekea polisi. Hapo hata msimulizi wa Tandika alinyamaza. Wahakiki wengine watasema mwongozaji anatetea mauaji, na hoja hiyo ina nguvu. Mimi mwenyewe naona bastola ile ilikuwa na uzito kuliko haki. Lakini pingu zile hazimwachii mtu yeyote huru. Ho anakubali sheria na anapata undugu kwa chuma kimoja. Kit hakusema "nimekusamehe". Amekubali tu kufungwa naye.

Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, mtu mzima kunipita, alikuwa na kijana wake aliyetoka kifungoni miezi michache kabla. Kijana alikuwa analala kwa rafiki. Baba alikuwa amesema mlango wake haumjui. Sikumpeleka kibandani kwa hila. Alinikuta nazungumzia filamu barazani akataka kuiona, tukaenda pamoja kuirudia. Hakusema kitu njiani. Siku ya pili nilimsomea ubeti wangu, nikitaka sifa kidogo, nikiri.

Alisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano. "Malenga," akasema, "yule mzee kachomwa kisu. Pumzi ya beti nzima kaitoa wapi?"

Nikamwambia shairi lina ruhusa zake. Akatikisa kichwa. Akaanza kushona, kisha akaacha.

"Na yeye naye kangoja mno," akasema. "Mwana alikuja hospitali kwa miguu yake, wakazungumza. Radhi akaizuia mpaka kisu kimemfika. Mie bado mzima."

Nimesoma hakiki nyingi katika maisha yangu, za Kiswahili na za Kiingereza, na sijaona iliyoigusa filamu hii mahali pake kama ile. Wote sisi, mwongozaji, msimulizi na mimi mwenye ubeti, tumeiweka radhi katika kinywa cha mtu anayekufa, kwa sababu hapo ndipo inapoliza. Fundi aliona kwamba ni kosa la baba, na pengine ni kosa la sanaa pia. Kwa sifa zote nilizozitoa, hilo nalihesabu kuwa upungufu wa pili wa filamu, na wa shairi langu.

Kijana siku hizi hukaa dukani kwa baba yake, hupiga pasi. Hawazungumzi sana. Nami ubeti nimeufuta katika daftari langu, najaribu mwingine ambao baba ndani yake ni mzima, ameshika sindano, na mtu anabisha hodi.